Mama mchungaji anataka kusomea ushauri nasaha: imani yake ataiweka wapi?

Swali: "Naishi Texas, mwaka wa saba sasa. Nina digrii ya theolojia niliyoipata Nairobi. Mume wangu anachunga kanisa dogo la waumini wanaozungumza Kiswahili, wengi wametoka Kongo na Burundi wakapitia makambini. Wanawake huja jikoni kwangu kila wiki na mambo mazito: ndoa, misiba, ndoto mbaya, watoto waliowashinda. Nawaombea, lakini naona nafika mahali sina ujuzi. Nataka kusoma uzamili wa ushauri nasaha. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia vyuo vya huku vitanilazimisha niiache imani. Nimeona chuo cha Kikristo mtandaoni kinachotoa uzamili wa ushauri wa kibiblia kwa miezi 12. Nichukue hicho? Na nikishapata leseni, nitaruhusiwa kuomba na wateja? Nitaweza kuwahudumia waumini wetu wenyewe?"

Mama, asante kwa kuuliza kabla hujalipa ada. Swali la chuo ndilo linaloweza kukupotezea miaka, kwa hiyo nitaanza nalo. Kisha nitakuja kwenye hofu ya mzee wenu, anayedhani taaluma hii na imani ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Amekosea, ila kuna kipande kimoja ambacho hakukosea, nami sitakuficha.

Marekani mtu hawi mshauri mwenye leseni kwa sababu tu shahada yake ina neno "ushauri". Leseni hutolewa na jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Kwenu Texas inatolewa kupitia Texas Behavioral Health Executive Council, na leseni yenyewe inaitwa LPC, yaani Licensed Professional Counselor. Jimbo linadai uzamili wa ushauri wenye krediti 60 za muhula, pamoja na saa za kukaa na wateja chini ya msimamizi. Programu za miezi 12 kwa kawaida huwa na nusu ya krediti hizo au zaidi kidogo, na hazikuweki mbele ya mteja hata siku moja. Ukimaliza utakuwa na elimu nzuri ya kuhudumu kanisani, lakini leseni hutaipata kwa shahada hiyo, na krediti nyingi huenda zisihamishike unapotaka kuanza upya kwingine.

Neno linalowaponza wengi ni "ithibati". Chuo kinaweza kuandika kwenye tovuti yake kwamba kina ithibati, na kikawa kinasema kweli kabisa, maana ithibati hiyo ni ya chuo kizima. Unayoitafuta wewe ni ya programu yenyewe. Kwa ushauri, chombo kinachokagua programu ni CACREP, kilichoanza mwaka 1981. Ingia kwenye orodha yao, tafuta jina la chuo, kisha angalia ni shahada ipi hasa iliyoorodheshwa. Chuo kimoja kinaweza kuwa na shahada tatu za ushauri, na ni moja tu kati yake inayoelekea kwenye leseni. Mara nyingi hiyo ndiyo inayoitwa Clinical Mental Health Counseling, huku zile zenye majina kama Christian Counseling au Pastoral Counseling zikiwa za huduma tu. Majina lakini yanadanganya. Muulize mtu wa udahili kwa barua pepe, ili jibu libaki kwenye maandishi: "Je, shahada hii inatimiza masharti ya elimu ya leseni ya LPC ya Texas?" Ukijibiwa kwa maneno ya kuzunguka, chukua hilo kuwa ndilo jibu.

Wala usidhani lazima uchague kati ya chuo cha imani na chuo chenye leseni. Denver Seminary ya Colorado na Regent University ya Virginia, kwa mfano, ni za Kikristo na programu zao za ushauri zimepata ithibati ya CACREP. Zipo nyingine, na zipo zinazofundisha kwa njia ya mtandao na kukuita chuoni kwa siku chache. Digrii yako ya theolojia pia haikuzuii, kwa kuwa programu nyingi hazidai uwe umesoma saikolojia kwanza. Utahitaji tathmini ya vyeti vyako vya Nairobi, ya somo kwa somo, kutoka kampuni iliyo mwanachama wa NACES, muungano wa kampuni zinazotathmini vyeti vya nje. Ianze mapema, kwa sababu kusubiri nakala rasmi kutoka chuo cha nyumbani ndiko kunakochelewesha maombi ya watu wetu kuliko jambo jingine lolote.

Sasa hesabu ya muda, ili uingie ukijua. Krediti 60 huchukua miaka miwili na nusu hadi mitatu kwa anayesoma mfululizo. Ndani yake kuna mafunzo ya vitendo ya awamu mbili kwa viwango vya CACREP. Awamu ya kwanza ni saa 100, na 40 kati yake lazima ziwe za kuzungumza na wateja. Ya pili ni saa 600, na 240 ni za wateja. Kila wiki utakuwa, kwa wastani, na saa moja ya usimamizi ukiwa peke yako au na mwanafunzi mwenzako mmoja, na saa moja na nusu ya usimamizi wa kikundi. Baada ya kuhitimu, Texas inakupa leseni ya muda ya LPC Associate, nawe unafanya kazi chini ya msimamizi kwa saa 3,000, ambazo 1,500 ni za wateja, katika muda usiopungua miezi 18. Kuna pia mtihani wa taifa. Kwa mama mwenye familia na kanisa, panga miaka mitano, na usione haya ikifika sita.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya vyuo havitakuambia, nalo linawahusu hasa wanafunzi wanaohudumia kwa Kiswahili. Usimamizi unategemea msimamizi kusikia ulichosema. Vikao hurekodiwa, kwa idhini ya mteja iliyoandikwa, na msimamizi anasikiliza. Sasa msimamizi wako hajui Kiswahili. Mteja anaposema "nimechoka", anaweza kuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani, na anaweza kuwa amechoka kuishi. Wewe umesikia tofauti kwenye sauti, lakini ukimtafsiria msimamizi neno moja la Kiingereza, tofauti hiyo imepotea. Dawa yake ni kazi ya mkono. Chagua dakika kumi za kikao, ziandike neno kwa neno kwenye safu mbili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na pale Kiingereza kinaposhindwa eleza kwa sentensi nzima. Kubaliana na chuo kuhusu utaratibu huu kabla hujaanza saa za vitendo. Na mahali pa kufanyia mafunzo pasiwe kanisani kwenu. Msimamizi wa kituo anatakiwa kuwa mtaalamu mwenye sifa na uzoefu, na haifai awe mtu aliye chini ya mume wako. Mashirika yanayopokea wakimbizi na kliniki za jamii ndiko kwa kuanzia kutafuta.

Nije kwenye imani. Hakuna kanuni ya CACREP inayomtaka mwanafunzi aache dini yake. Tena viwango vyao vya 2016 vilitaka kila mwanafunzi afundishwe jinsi imani za kiroho zinavyoathiri mtazamo wa mteja na wa mshauri mwenyewe. Ndani ya American Counseling Association, chama cha washauri wa Marekani, kuna tawi linaloshughulikia jambo hili, ASERVIC, lenye orodha ya stadi 14 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2009. Stadi mojawapo ni kujua uelewa wako wa imani ya mteja unaishia wapi, na kuwafahamu viongozi wa dini unaoweza kuwauliza au kumpeleka mteja kwao. Mshauri asiyeamini chochote naye amefungwa na stadi hiyo hiyo: haruhusiwi kuidharau sala ya mteja wake.

Kipande ambacho mzee wenu hakukosea ni hiki. Kanuni za maadili za American Counseling Association zinakataza kumsukumia mteja maadili yako. Toleo la 2014 likaongeza kwamba usimhamishe mteja kwa mshauri mwingine kwa sababu tu maisha yake yanapingana na imani yako. Nyuma ya toleo hilo kulikuwa na kesi. Mwaka 2009 mwanafunzi Mkristo wa Eastern Michigan University alipangiwa mteja mwenye sonona, na kumbukumbu zilionyesha mteja huyo aliwahi kuzungumzia uhusiano wa jinsia moja. Mwanafunzi akaomba mteja apewe mtu mwingine. Akaondolewa kwenye programu, akashtaki, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema kesi yake inastahili kusikilizwa. Kisha pande mbili zikamalizana bila hukumu. Mwaka 2016 jimbo la Tennessee likapitisha sheria inayowaruhusu washauri kuhamisha wateja kwa sababu ya msimamo wa dhamiri. Kwa hiyo mjadala haujafa. Lakini chuoni utapimwa kwa kanuni za taaluma, hata chuo cha Kikristo.

Basi jiulize, ukiwa peke yako. Anakuja binti aliyekulia kanisani, sasa ameacha kusali na anataka kutengana na mume. Unaweza kukaa naye vikao kumi, ukamsaidia kufikiri kwa uwazi, bila kila swali lako kuwa kamba ya kumvuta arudi? Hutakiwi kukubaliana naye. Unatakiwa usimwendeshe. Ukiona huwezi, sitakuhesabu kuwa dhaifu, maana kuna wito mwingine unaokufaa zaidi, na nitausema mbele kidogo.

Kuhusu kuomba na wateja, jibu fupi ni kwamba hakuna marufuku ya jumla, ila sera ya mwajiri huenda ikawa nayo. Jibu refu ndilo lenye faida, kwa sababu ugumu uko kwenye kazi ambayo maombi yanafanya ndani ya kikao.

Chukua kikao cha dakika 50. Kwenye dakika ya 40 mama anasema kwa sauti ya chini, "Hata sijui kwa nini bado naamka asubuhi." Machozi yanamtoka. Moyo wako unaenda mbio, na midomo yako inajua njia moja ya haraka: "Tumwombe Mungu." Mnafumba macho. Maombi ni mazuri, mnasema amina, mama anapangusa uso kwa ncha ya kitenge, anakushukuru, anaondoka. Swali lililotakiwa kuulizwa halikuulizwa. Yale maombi yaliutuliza woga wako, nayo yakamfundisha mteja kwamba akifika mahali hapo mazungumzo hufungwa. Aliyefunzwa angekaa kimya kidogo, kisha angeuliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, wengi hupumua kwa kuwa mtu hatimaye amelitaja. Angeendelea: ana mpango, ana kitu cha kutumia, nani yuko nyumbani usiku huu. Wangeandika pamoja mpango wa usalama. Baada ya hapo, mama mwenyewe akisema "niombee", sasa kuna nafasi ya maombi.

Jambo la pili ni mamlaka. Nani kati ya wanawake wenu anaweza kumwambia mama mchungaji "hapana, leo sitaki tuombe"? Akisema "ndiyo", ni ya adabu, nawe huwezi kuipima. Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba mshauri asiwe wa kwanza kupendekeza. Mteja akiomba, mwachie aombe yeye kwa maneno yake, wewe ukae naye kwa heshima. Utasikia humo anachokitamani na anachokiogopa, mambo ambayo pengine hajakuambia. Kisha andika kwenye faili kwamba mteja ndiye aliyeomba, na kwa sababu gani. Maombi ya kukemea mapepo yasiingie kabisa kwenye chumba cha ushauri.

Utafundishwa badala yake kuuliza. Kuna utaratibu wa maswali unaoitwa FICA, uliotungwa na daktari Christina Puchalski kwa ajili ya wahudumu wa afya, na washauri wengi huutumia. Kwa Kiswahili chetu ungekuwa hivi: "Ukifikwa na jambo zito, ni nini kinakushikilia?" "Imani hiyo ina uzito gani unapoamua mambo ya afya yako?" "Kuna watu unaosali nao? Wanakubeba, au nao wanakuumiza?" "Ungependa tulichukulieje jambo hili hapa ndani?" Maswali manne, dakika chache. Swali la tatu ndilo lenye dhahabu, maana watu wetu hawalalamikii kanisa mpaka waulizwe hivyo.

Mwanasaikolojia Kenneth Pargament alionyesha kwamba watu huitumia dini kukabili dhiki kwa namna mbili tofauti. Mmoja humwona Mungu kuwa mwenzi katika dhiki, na mara nyingi hupata nafuu. Mwingine huona ameachwa au anaadhibiwa, na mara nyingi huzidi kuumia. Mama aliyezika mtoto kambini Nyarugusu, Tanzania, anakuambia, "Mungu ananiadhibu." Mwanafunzi mpya, hasa mwenye theolojia kama wewe, hukimbilia kumsahihisha: Mungu wetu ni wa upendo. Mteja anaitikia, na tangu siku hiyo wazo hilo anakaa nalo peke yake. Muulize: "Hiyo adhabu, unaiona ni ya nini?" Pengine atakueleza kwamba siku ile alimwacha mtoto kwa jirani akaenda kupanga foleni ya mgao. Hapo ndipo penye jeraha.

Na kuna wakati faraja ya dini yenyewe inalisha ugonjwa. Waislamu wanaujua wasiwasi wa udhu: mtu anarudia kutawadha mara sita, kisha anamuuliza shehe kama udhu umeshika. Mkristo anatubu dhambi ile ile kila saa na kumpigia mchungaji amhakikishie kwamba amesamehewa. Kila akihakikishiwa anapoa kwa dakika chache, na akili inajifunza kwamba shaka ile haiwezi kuvumilika bila jibu. Kwa hiyo kesho inarudi na nguvu zaidi. Matibabu yake ni kumzoesha, hatua kwa hatua, kukaa na shaka bila kurudia tendo na bila kuuliza. Mshauri mwema asiyejua hili anaomba naye kila kikao na kumzidishia mzigo. Kazi hii hufanywa vizuri shehe au mchungaji wake akishirikishwa, kwa idhini ya mteja, ili naye aache kumhakikishia.

Waumini wenu wenyewe: usiwe mshauri wao wa kliniki. Jumanne mama anakueleza kwamba mumewe anampiga. Jumapili mume huyo anasimama kuhudumu, na mume wako ndiye aliyempanga. Siri ya mteja haikuruhusu kumwambia hata mchungaji wako kitandani. Uso wako utasema, au utakaa kimya na mama yule atasoma ukimya wako kuwa umemsaliti. Halafu kuna sheria ya kuripoti mtoto anayedhulumiwa, ambayo lazima uitii hata kama nyumba nzima ya kanisa itakulaumu. Ni mzigo ambao kofia mbili haziwezi kuubeba. Njia inayowezekana ni kubadilishana: ukamtafuta mshauri mwingine anayejua Kiswahili ndani ya Texas, yeye awapokee waumini wenu kwa video, wewe uwapokee wa kwao. Leseni hufuata mahali alipo mteja wakati wa kikao, kwa hiyo awe na leseni ya Texas. Jikoni kwako uendelee kuwa mama mchungaji, sasa ukiwa na masikio yaliyofunzwa.

Ikiwa unapoyasoma haya unaona moyo wako unataka kuombea watu, kusoma nao Neno na kukaa nao hospitalini, fikiria uchaplensi, yaani huduma ya kiroho kwa wagonjwa na wenye dhiki. Mafunzo yake ya vitendo, CPE, yana mizizi yake mwaka 1925 katika hospitali ya Worcester, Massachusetts, chini ya mchungaji Anton Boisen, na kitengo kimoja ni saa 400. Kupata vyeti vya juu vya uchaplensi huhitaji vitengo vinne. Unaweza kufanya kitengo kimoja tu kwanza kama kipimo, kabla hujajifunga na krediti 60. Kwa mtu mwenye maswali kama yako, mimi ningefanya hivyo.

Kabla ya kuamua, zungumza ana kwa ana na watu wawili: mshauri wa LPC anayemcha Mungu na aliyewahi kusimamia wanafunzi, na afisa wa msaada wa kifedha wa chuo, kwa sababu haki yako ya mikopo ya serikali inategemea hali yako ya uhamiaji. Nawe mwenyewe, ikiwa hadithi za jikoni zimeanza kukunyima usingizi, tafuta mshauri wako sasa, usisubiri kuwa mwanafunzi.

Na wanawake watakaokuja wiki hii, kabla hujasoma chochote: akitokea wa kusema anataka kufa, usimwache peke yake. Pigeni pamoja 988, simu ya Marekani ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, saa yoyote. Anayepokea atazungumza Kiingereza. Mwambie "Swahili interpreter", naye ataunganisha mkalimani. Ikiwa tayari amekunywa kitu au ana silaha mkononi, piga 911, namba ya dharura.